Ukuta wa Landi

Ukishuka pale kituo cha mabasi cha Machakos, Nairobi, na kufuata Barabara ya Landhies kuelekea Jogoo Road, mkono mmoja utakutana na kelele za soko la Muthurwa: nyanya, mitumba, wapiga debe, mikokoteni. Nyuma ya kelele hizo kuna safu za nyumba fupi za mawe, mlango ukitazamana na mlango, chumba kimoja kwa kila mlango, bomba na choo nje kwa matumizi ya wote. Hizo ndizo landi. Neno hilo lilikuja na reli na halikuondoka. Limebaki kwenye jina la barabara, na kwenye jina la mtaa wa jirani, Landimawe.

Nyumba hizi hazikujengwa na baraza la jiji wala na matajiri wa kupangisha. Zilijengwa na mwajiri, yaani reli yenyewe, naye alikuwa na sababu zake. Anayetaka kujua vyama vya wafanyakazi vilifanya nini Nairobi wakati kampuni zilipoyumba hatapata jibu akiangalia lango la kiwanda peke yake. Huku Eastlands, mitaa ya mashariki mwa jiji, mshahara na chumba vilikuwa jambo moja, na aliyepoteza kimoja alikuwa katika hatari ya kupoteza kingine.

1921–1922: Theluthi moja

Mzozo mkubwa wa kwanza wa mishahara Nairobi ulizuka kwa sababu waajiri walikuwa taabani, na taabu yenyewe inafaa kuelezwa kwa hesabu.

Vita Kuu ya kwanza ilipokwisha, masetla wa Kenya waliuza kahawa, katani na kitani kwa bei nzuri kwa muda mfupi, kisha bei zikaporomoka. Wakati huohuo serikali ya kikoloni ilibadili thamani ya fedha. Rupia, ambayo kabla ya vita ilikuwa sawa na peni 16 za Uingereza, mwaka 1920 iliwekwa kwa peni 24. Setla aliyekuwa na deni la rupia benki alijikuta deni limepanda kwa nusu, hali mauzo yake Ulaya yanalipwa kwa pauni. Mishahara nayo ililipwa kwa rupia. Ukitaka kuirudisha peni 24 iwe peni 16, unatoa theluthi moja. Mwaka 1921 waajiri wa Kizungu walikubaliana kufanya hivyo hasa: mishahara ya Waafrika ipunguzwe kwa theluthi.

Kamba hukatikia pembamba. Aliyelipwa rupia chache hakuwa amekopa benki wala hakuwa amepanga bei ya kitani huko London, lakini hasara ilimfikia yeye. Na ilimfikia wakati kodi ya kichwa na ya nyumba ilikuwa imepandishwa hadi shilingi 16, na kipande kinaning'inia shingoni ndani ya kikebe cha chuma, kikionyesha nani alimwajiri na kama aliruhusiwa kuondoka.

Harry Thuku, karani wa simu katika ofisi ya Hazina, aliungana na wenzake kuanzisha East African Association. Chama hicho hakikuwa chama cha wafanyakazi kama tunavyokijua leo. Hakikuwa na kadi za uanachama za karakana wala wakili wa kujadiliana na mwajiri. Lakini madai yake ya kwanza yalikuwa ya mfanyakazi: mshahara, kodi, kipande. Thuku alikamatwa Machi 14, 1922. Watu walikusanyika nje ya kituo cha polisi alikozuiliwa, wengi wao wakiwa wameacha kazi mjini, na tarehe 16 polisi wakafyatua risasi. Mary Muthoni Nyanjiru, aliyewakemea wanaume kwa kusitasita, aliuawa hapo. Serikali ilihesabu waliokufa kuwa 21. Thuku alipelekwa uhamishoni Kismayu.

Nyumba ya kapera

Miaka hiyohiyo watawala wa mji walishikilia wazo moja, ingawa si zuri: Waafrika wa mjini wanapaswa kuwekwa mahali pamoja ambapo wanaweza kuonekana. Pumwani ilianzishwa mwanzoni mwa miaka ya 1920 kama eneo rasmi la makazi yao. Reli ikaendelea na landi zake Muthurwa, karibu na karakana. Baadaye zikafuata Shauri Moyo mwishoni mwa miaka ya 1930, kisha Ziwani, Kaloleni na Makongeni, mtaa wa reli, katika miaka ya 1940.

Wazo lililozijenga nyingi ya nyumba hizi lilikuwa la mfanyakazi kapera. Mwanamume anakuja mjini kufanya kazi miezi kadhaa, analala chumbani na wenzake, halafu anarudi mashambani kwa mke na watoto, ambao shamba linawalisha. Kwa hivyo mwajiri hakuona haja ya kumlipa mshahara wa kulisha familia. Chumba kilikuwa kidogo kwa sababu mshahara ulikuwa mdogo, na mshahara ulikuwa mdogo kwa sababu ilidhaniwa kwamba chumba kinatosha. Hoja ilizunguka hivyo kwa miongo mitatu.

Jambo jingine lilisahauliwa na waliochora ramani. Ukiwaweka makanika, mapakasi, makarani na watandikaji reli katika safu moja, ukuta mmoja kati ya chumba na chumba, umewapa ukumbi. Habari iliyosemwa saa mbili usiku Muthurwa ilifika Shauri Moyo kabla ya usingizi. Hapakuhitajika gazeti. Nadhani hiki ndicho chanzo halisi cha nguvu za vyama vya Nairobi katika miaka ya 1940: havikuwa na fedha, havikutambuliwa na waajiri, na mara nyingi havikuandikishwa, lakini wanachama wake walilala mahali pamoja.

Upande wa pili wa hali hiyo ulikuwa mkali. Mpangaji wa landi alipogoma, aligoma akiwa chini ya paa la mwajiri.

Mchapaji na madereva

Mwaka 1935 kijana wa Kisikh aitwaye Makhan Singh, aliyewasili Kenya mwaka 1927 na kufanya kazi katika kiwanda cha uchapaji cha baba yake, alichukua ukatibu wa chama kidogo cha mafundi wa Kihindi. Jambo la kwanza alilofanya lilikuwa kukifungua kwa watu wa rangi zote. Mwaka 1937 mafundi waligoma siku 62 na kupata nyongeza ya kati ya asilimia 15 na 22. Mwaka huohuo serikali ilipitisha sheria ya kuandikisha vyama, ambayo ni namna ya kuvitambua na pia ni namna ya kuvishika kamba.

Makhan Singh alikwenda India, akawekwa kizuizini huko na Waingereza wakati wa vita, akarudi mwaka 1947. Alikuta Mombasa imekwisha kutikisika. Januari mwaka huo, makuli wa bandari, wafanyakazi wa reli na wa majumbani walikuwa wamegoma kwa pamoja, na Chege Kibachia alikuwa akiongoza African Workers Federation. Agosti, Kibachia alipokuja bara kueneza chama, alikamatwa na kupelekwa Kabarnet, akakaa huko karibu miaka kumi.

Nairobi mtu aliyebaki kushika usukani alikuwa Fred Kubai, aliyekuwa akiwaunganisha madereva na makanika. Vyama vya udereva vina faida ambayo vya karakana havina, kwa sababu wanachama wake wako kila mahali kwa wakati mmoja. Mei Mosi 1949 Kubai na Makhan Singh walizindua East African Trade Union Congress, Kubai mwenyekiti, Singh katibu. Serikali ilikataa kuiandikisha. Oktoba mwaka huo madereva wa teksi waligomea sheria ndogo za baraza la mji zilizowabana, na Wazungu wa Nairobi walijikuta wakitembea kwa miguu kwa sababu ya uamuzi uliopitishwa mashariki mwa mji.

1950: Siku tisa

Machi 30, 1950 Nairobi ilitawazwa kuwa jiji, na Duke wa Gloucester akaja na hati ya mfalme. Viongozi wa vyama waliwaambia watu wao wasihudhurie. Kwa mkazi wa Shauri Moyo sherehe hizo zilikuwa kiroja: kwamba mji wenye watu wanaolala zamu kwenye kitanda kimoja umepandishwa cheo.

Jumapili, Aprili 23, mkutano wa pamoja wa Kenya African Union na East African Indian National Congress ulijaza ukumbi wa Kaloleni. Ukumbi huo si mkubwa. Ni jengo la mawe katikati ya mtaa, uwanja mbele yake, nyumba zimeuzunguka kama watu wanaosikiliza. Humo ndani Makhan Singh alisimama na kutoa hoja kwamba Afrika Mashariki ipewe uhuru sasa, si baadaye. Katika Kenya ya mwaka huo ilikuwa sauti ya kwanza kusema hivyo hadharani kwa namna ile, na msemaji hakuwa mwanasiasa wa taaluma. Alikuwa mtu wa mishahara na saa za kazi. Alikuwa amefikia hitimisho kwamba mwajiri mkubwa kuliko wote ni serikali, na kwamba ukibishana na kampuni peke yake unabishana na mkono, si mwili.

Jumatatu, Mei 15, yeye na Kubai walikamatwa kwa kosa la kuwa viongozi wa chama kisichoandikishwa ambacho hawakukivunja. Kesho yake jiji likasimama.

Madai yalibandikwa na kupigiwa mbiu: viongozi waachiliwe, mshahara wa chini uwe shilingi 100 kwa mwezi, sheria za teksi ziondolewe, polisi waache kuvamia watu majumbani usiku. Linganisha madai hayo na yale ya 1922. Mshahara upo, na kipande na kodi vimegeuka kuwa misako ya usiku, lakini sasa kuna tarakimu. Shilingi 100 haikuwa ndoto. Ulikuwa mshahara wa kumwezesha mtu kufikiria kuishi na mkewe Nairobi. Ndani ya dai la mshahara kulikuwa na dai la kuacha kuwa kapera.

Mgomo ulidumu siku tisa. Polisi waliingia Pumwani na mabomu ya machozi. Walinzi wa mgomo walizunguka mitaa ile ile ambayo serikali ilikuwa imeijenga ili iweze kuwaona. Mfikirie mwajiri wa Industrial Area asubuhi ya siku ya tatu: mashine zimepoa, msimamizi wa Kizungu anajaribu kuendesha lori, na vibarua wako hatua chache ng'ambo ya reli, lakini hakuna anayevuka. Hakuna kiwanda kilichokuwa na mzozo wake mahususi. Ndiyo maana hapakuwa na mwajiri aliyeweza kuumaliza.

Mwisho wa mgomo haukuwa wa ushindi. Waliofutwa kazi walikuwa wengi, na muungano ule ulivunjika viongozi wake wakiwa ndani. Makhan Singh alipelekwa mbele ya Jaji Thacker huko Nyeri, jaji yuleyule ambaye baadaye angesikiliza kesi ya Jomo Kenyatta na wenzake huko Kapenguria, akafungiwa kaskazini hadi Oktoba 1961. Ni miaka kumi na moja na ushei. Wenye kumbukumbu ya Kenyatta na wenzake mara nyingi humsahau aliyewatangulia kuingia na aliyekaa zaidi yao.

Fuawe

Hali ya Hatari ilitangazwa Oktoba 1952 ili kuzima uasi wa Mau Mau. Aprili 24, 1954, majeshi yaliizingira Nairobi katika Oparesheni Anvil, yaani fuawe, na mitaa ya mashariki ikapekuliwa chumba kwa chumba. Zaidi ya watu 20,000, Wakikuyu, Waembu na Wameru, walipelekwa kambini. Wajumbe wa matawi ya vyama walikuwa miongoni mwao. Vitanda viliachwa vitupu Bahati, Pumwani na Shauri Moyo, na waajiri wakajaza nafasi kwa watu wa kutoka Nyanza, Magharibi na Ukambani. Sura ya Eastlands tuliyoirithi, mtaa huu ukisifika kwa Waluo na ule kwa Waluhya, ina alama za vidole vya siku hiyo.

Mwaka huohuo, na hili ni fumbo ambalo sijaacha kulishangaa, serikali ilipokea ripoti ya kamati ya Carpenter juu ya mishahara ya Waafrika. Ripoti ilikubali walichokuwa wakisema wagomaji: mshahara wa kapera unazaa wafanyakazi wasiodumu, wenye njaa na wasiojifunza kazi, na mshahara wa mjini unapaswa kuelekea kiwango cha kutunza familia. Waliolipigania dai hilo walikuwa katika kambi za Manyani na Mackinnon Road, nyuma ya seng'enge.

Mboya na meza

Nafasi iliyoachwa wazi ilijazwa na kijana aliyeajiriwa na baraza la jiji kama mkaguzi wa afya, kazi iliyomzungusha kwenye vioski na maduka ya maziwa ya mji mzima huku akilipwa sehemu tu ya mshahara wa Mzungu wa cheo kilekile. Tom Mboya aliigeuza jumuiya ya wafanyakazi wa baraza kuwa chama kamili, akawa katibu mkuu wa shirikisho la vyama mwaka 1953, na Machi 1955 akaibuka Mombasa kama mpatanishi wa mgomo wa bandari, makuli wakapata nyongeza. Vyama vya siasa vya Waafrika vilikuwa vimepigwa marufuku. Kwa hiyo shirikisho la wafanyakazi lilikuwa pia bunge, na mkutano wa hadhara Kaloleni au Makadara ulikuwa wa mishahara na wa uhuru kwa pumzi moja.

Mboya alikuwa tofauti na Makhan Singh kwa jambo moja kubwa. Singh aliona mgomo wa jumla kama kilele. Mboya aliuona kama karata ambayo thamani yake iko mkononi, kabla ya kuchezwa. Wafanyakazi Waafrika wa reli waligoma Novemba 1959, na migomo ya 1960 hadi 1962 ilikuwa mingi kuliko wakati wowote, lakini lengo la Mboya lilikuwa makubaliano ya maandishi. Oktoba 1962, akiwa Waziri wa Kazi, aliwakalisha waajiri na shirikisho mezani wakatia saini Mkataba wa Uhusiano Viwandani: waajiri watambue vyama, vyama vifuate hatua za majadiliano kabla ya kugoma.

Mwaka 1964, uhuru ukiwa mchanga na wasio na kazi wakiwa wamejaa milangoni, ulifuata mkataba wa pande tatu. Waajiri binafsi waliahidi kuongeza wafanyakazi kwa asilimia 10, serikali kwa asilimia 15, na vyama vikaahidi mwaka mzima bila mgomo wala nyongeza. Mahakama ya Viwanda ikaundwa. Mwaka 1965, baada ya mapigano kati ya makundi mawili ya vyama kuua watu Mombasa, serikali iliyavunja yote mawili na kuunda COTU, shirikisho moja la vyama, na ada ya chama ikawa inakatwa moja kwa moja kwenye mshahara. Tanganyika ilikuwa imefanya jambo kama hilo mwaka mmoja kabla, ilipounda chama kimoja cha wafanyakazi, NUTA, ila huko chama kilimezwa wazi na hapa kilishikwa mkono. Kubai naye alikuwa sasa serikalini, naibu waziri katika wizara ileile ya kazi. Makhan Singh hakupewa chochote cha maana. Alikaa akiandika historia ya harakati zake, akafa mwaka 1973.

Sipendi kuuita mpango huu usaliti, kama wanavyofanya wengine. Kwa karibu miaka ishirini ulileta matunda ya kushikika mkononi. Mfanyakazi wa kiwanda mwenye kadi ya chama alipata likizo yenye malipo, posho ya nyumba na kiinua mgongo. Posho ya nyumba! Kifungu hicho kimoja kwenye hati ya mshahara kiliwatoa watu landi na kuwapeleka Jericho, Uhuru, Umoja na, kwa wenye bahati, Buruburu. Lakini mpango ulisimama juu ya dhana moja: kwamba kampuni zitakua. Chama kilijifunza kugawa ziada. Hakikujifunza kugawa hasara, wala hakikudhani kingehitaji kujifunza. Na kadiri wanachama walivyotawanyika kwenye mitaa mipya, ule ukumbi usio rasmi wa kuta nyembamba ulikwisha. Habari za chama zikawa zinafika kwa barua.

Reli inapopungua

Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika 1977, na shirika la reli likagawanywa pamoja nayo. Kenya Railways ilirithi mabehewa, madeni, karakana, na mitaa: Muthurwa, Makongeni, na nyumba kote njiani hadi Kisumu. Miaka iliyofuata mizigo ilihama kidogo kidogo kwenda kwenye malori, injini zikachakaa na vipuri vikawa vya kutafutwa. Shirika la umma lililopungukiwa halifi ghafla kama duka. Linachelewesha mshahara, linaacha paa livuje, halibadilishi bomba lililopasuka. Wakaazi wa landi walijua hali ya reli kwa kuangalia choo.

Miaka ya 1990 ilileta masharti ya Benki ya Dunia na Shirika la Fedha la Kimataifa: soko lifunguliwe, mashirika ya umma yapunguze watu. Viwanda vya nguo vilikwama mitumba ilipofurika. Hupenda kusikika lawama kwamba vyama viliua viwanda kwa kudai mno. Mimi sioni ushahidi wa hilo hapa kwetu. Mgomo wa kuipandishia kampuni gharama unahitaji chama chenye meno, na kufikia wakati huo meno mengi yalikuwa yameng'oka. Rais Kenyatta alikuwa amepiga marufuku migomo mwaka 1974, na viongozi wengi walikuwa wametumia nguvu zao kugombea viti vya vyama wenyewe kwa wenyewe. Vyama havikuziangusha kampuni, na havikuziokoa pia. Vilichoweza kufanya mara nyingi ni kuhesabu: mtu huyu ana miaka mingapi, anadai siku ngapi za likizo, kiinua mgongo chake ni kiasi gani.

Kuhesabu si kazi ndogo. Fundi wa karakana aliyefutwa akiwa na miaka ishirini kazini alitofautiana na kibarua wa mkataba kwa hesabu hiyo tu. Yule wa kwanza alipata hundi ya kununulia mashine ya kuchomelea na kukodi kibanda Kamukunji, akawa mtengeneza masanduku na karai za bati. Wa pili aliondoka na mkoba. Lakini fundi wa Kamukunji hana tena chama wala hati ya mshahara, na kifungu cha posho ya nyumba kimefutika pamoja na kazi.

Novemba 2006 Rift Valley Railways ilichukua uendeshaji wa reli kwa mkataba wa miaka 25. Ilichukua injini na njia, si mitaa, na si wafanyakazi wote. Mkataba wenyewe ulivunjwa mwaka 2017, miaka kumi na moja tu baadaye.

Kifungu cha 40

Mwaka 2007 Bunge lilipitisha sheria mpya za kazi, na humo mna kifungu ambacho mawakili wa kazi wa Nairobi wanakitaja kama watu wengine wanavyotaja aya. Kifungu cha 40 cha Sheria ya Ajira kinasema kampuni haiwezi kupunguza watu kwa sababu za kiuchumi bila kukiarifu chama na afisa wa kazi angalau mwezi mmoja kabla, kueleza sababu na idadi, kutumia vigezo vya haki, na kulipa si chini ya siku 15 za mshahara kwa kila mwaka uliofanyiwa kazi.

Jaribio kubwa lilikuja kutoka Embakasi, upande wa pili kabisa wa Eastlands, ambako wahudumu na mafundi wengi wa ndege wanaishi. Mwaka 2012 Kenya Airways iliyokuwa ikipoteza fedha ilipunguza mamia ya wafanyakazi. Chama chao kilikwenda Mahakama ya Viwanda, na Desemba mahakama ikaamuru warudishwe kazini. Kampuni ikakata rufaa. Julai 2014 Mahakama ya Rufaa iliifuta amri hiyo ya kuwarudisha. Kilichobaki mikononi mwa vyama ni haki ya kuitwa na kuelezwa kabla ya panga kushuka. Mwaka huohuo kiwanda cha Cadbury Industrial Area kilifungwa, na mwaka 2016 Sameer ikaacha kutengeneza matairi Nairobi. Hapo hapakuwa na kesi kubwa wala mgomo. Watu walilipwa wakaenda.

Muthurwa, 2010–2013

Turudi kwenye ukuta wa landi, maana deni la mwisho la reli lililipwa huko.

Wakati reli inakodishwa, wastaafu wake walikuwa wanadai malipo yao ya uzeeni, na shirika halikuwa na fedha taslimu. Lilikuwa na ardhi. Mfuko wa uzeeni wa wafanyakazi wa reli ukaundwa na kukabidhiwa mali, zikiwemo Muthurwa na Makongeni, ili mapato yake yalipe pensheni. Kwenye karatasi ni suluhisho la busara, na hata la haki: nyumba zilizojengwa kwa jasho la wafanyakazi zitawalisha wafanyakazi uzeeni. Ila ardhi ya Muthurwa iko dakika kumi kwa miguu kutoka katikati ya jiji. Thamani yake haiko kwenye kodi ya chumba kimoja. Iko kwenye kiwanja kitupu.

Mwaka 2010 wapangaji walipewa notisi ya kuondoka. Julai, mwezi mmoja kabla Wakenya hawajapiga kura ya kupitisha katiba mpya, ubomoaji ulianza na maji yakakatwa. Katika nyumba ambazo choo na bomba ni vya wote, kuvunja choo ni kuvunja mtaa mzima bila kugusa mlango wa mtu. Akina mama walichota maji sokoni. Baadhi ya wakaazi walikuwa wameifanyia reli kazi wenyewe. Wengine walizaliwa humo, baba akitoka asubuhi na overoli.

Walioikimbilia Mahakama Kuu walikuwa wapangaji kwa majina yao. Chama cha wafanyakazi hakikuwa kwenye orodha ya walalamishi, na sidhani ingewezekana kiwe: chama humtetea mwanachama dhidi ya mwajiri, na hapa mwenye nyumba alikuwa akiba ya wanachama wenyewe. Mahakama ilisimamisha ubomoaji kwa muda. Agosti 30, 2013, Jaji Isaac Lenaola alitoa hukumu. Alisema haki za wapangaji za makazi na utu zilikiukwa, na akaitaka serikali iweke miongozo ya namna watu wanavyoweza kuondolewa kwenye makazi, kwa kuwa nchi haikuwa nayo. Hakusema wasiondoke kamwe. Aliwaamuru wasimamizi wa mfuko wawaite wapangaji kwenye kikao, kabla ya siku 21 kwisha, wapange pamoja lini na vipi.

Kwa hiyo walikalishwa mezani, kama Mboya alivyowakalisha waajiri na wafanyakazi mwaka 1962. Upande mmoja mfuko wa wastaafu wa reli, upande wa pili wapangaji wa landi. Na wapo waliokuwa na jina lao pande zote mbili.